Taa ya Déo na Vimulimuli vya Mama

Nundu, 6 Novemba 2022

Yaya Déo,

Kaka yangu, pokea salamu za Mama, na zangu mimi mdogo wako ambaye huulizi kama ameolewa au ameliwa na mamba. Tangu Septemba simu yako haipatikani, kwa hiyo nimerudi kwenye kalamu. Mama mwenyewe amefurahi. Anasema sauti ya simu inaisha, lakini barua unaiweka chini ya mto. Placide, yule dereva wa Fuso, amekubali kuibeba mpaka Lulimba, na huko atawapa watu wanaopanda machimboni kwenu.

Mimi nipo. Darasani nina watoto sitini na wanne na chaki za kuazima. Lakini leo sikuandikii habari za shule.

Unaijua kanuni ya Mama kuhusu kinamasi cha nyuma ya nyumba. Mimi usiku ule wa kukimbia vita nilikuwa mtoto wa mgongoni, ninajua yale niliyosimuliwa tu. Wewe ulitembea kwa miguu yako, ukamsikia akisema: "Mahali bimulimuli inawaka, hakuna mutu. Mahali iko giza, mutu iko pale." Kwa sababu kimulimuli hujizima nyasi zikitikiswa na miguu. Mama alifuata palipowaka, akakwepa penye giza, mpaka akatufikisha ziwani kwenye mtumbwi. Tangu hapo, kila jioni ya masika, anakaa kwenye kigoda chake mlango wa nyuma, anakikagua kinamasi chote, ndipo anaingia kulala. Nilikuwa namcheka. Nilisema watu wengine wanafunga mlango kwa kufuli, mama yetu anafunga kwa wadudu.

Sasa sicheki tena. Vimulimuli vimepungua, Yaya. Mwaka juzi tuliona kwamba si vile vya zamani. Mwaka huu nyuma ya nyumba unaweza kuvihesabu kwa vidole. Na kwa Mama kila penye giza pana mtu. Wiki iliyopita alinishika mkono akaniambia polepole, "Pulchérie, balishafika. Angalia, bamejaa kote." Nilimpeleka kinamasini saa nne asubuhi, nikamwonyesha kwamba hakuna hata nyayo. Akaniambia bila shaka, mchana wanaondoka.

Analala na viatu. Mlangoni ameweka furushi: sufuria, chumvi, kitenge kimoja, kadi ya ubatizo. Mimi naliondoa, yeye analirudisha.

Sikuombi kitu ila uje. Mimi kwake ni yule mtoto wa mgongoni, haniamini. Wewe ulikuwepo.

Mdogo wako,
Pulchérie


Machimboni, mbele ya Lulimba, 27 Novemba 2022

Mama mpenzi, na wewe Puli utakayemsomea,

Barua imenifikia ikiwa na harufu ya samaki, nikajua kweli imetoka kwetu. Niliisoma mbele ya wenzangu bila aibu.

Mama, kuja sasa siwezi. Shimo letu limeanza kuonyesha kitu baada ya miezi minane ya kuchota maji. Nikiondoka hata wiki mbili, nikirudi nitakuta mtu mwingine amekaa mahali pangu na mimi nimebaki na sepetu. Lakini sikukuacha hivihivi. Placide anakuletea sanduku. Ndani kuna taa ya sola, ile kubwa wanayoiita projecteur, pamoja na panneau yake ya kunasa jua na waya mita kumi. Nimeijaribu hapa. Iliwaka, mbuzi wa jirani wakaamka wakidhani kumekucha.

Puli, itundikwe juu, nyuma ya nyumba, na iwashwe kila siku kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka asubuhi. Usibanie mwanga, jua hatulipii.

Mama, ni ile taa tuliyoiongelea, wewe na mimi. Usiogope tena. Kama kuna mtu kule, mwanga utamwonyesha, na kama hakuna, utaona mwenyewe kwamba hakuna.

Mwanao,
Déogratias


Nundu, 18 Desemba 2022

Yaya Déo,

Sanduku limefika zima. Bertin, mwalimu wa biolojia wa pale kwetu shuleni, ndiye aliyepanda juu ya paa kuitundika, na mtaa mzima ulikuwa chini ukimwelekeza. Ilipowaka watu walipiga makofi. Mama hakupiga. Aliiangalia muda mrefu, machozi yakamtoka, kisha akaenda kuvaa kitenge chake cha Krismasi akarudi kukaa chini yake kama mgeni wa harusi.

Amepiga marufuku kuiita projecteur. Ni Taa ya Déo. Uliposema "ile taa tuliyoiongelea" alicheka peke yake, nami nilipomuuliza akasema hayo ni mambo yenu wawili. Sawa, nizoee kuwa mtu wa nje.

Sasa uani kwetu ni sokoni. Clarisse fundi cherehani ameleta mashine yake, anashona hapa jioni. Kina mama wanachambua maharage. Watoto wangu wa darasani wanakuja kusoma, hata wale ambao mchana hawasomi.

Mama yuko vizuri. Ni usingizi tu ambao haujatulia sawasawa. Utatulia.

Asante, Yaya. Umetufanya tuonekane watu.

Pulchérie


Machimboni, 22 Januari 2023

Puli,

Hii fupi, Placide anapiga honi. Uliandika usingizi wa Mama haujatulia. Nimeifikiria hiyo sentensi kuliko zote. Maana yake taa moja haitoshi, inamulika ua na kuacha kinamasi. Nimenunua ya pili, yenye nguvu zaidi. Hiyo ielekezeni kinamasini kabisa.

Mwambie Mama nitakuja Pasaka. Mwambie pia kidole kimepona, ingawa hakujua kwamba kiliumia.

Déo


Nundu, 12 Februari 2023

Yaya Déo,

Hii ni barua ya tatu ninayoianza wiki hii, na najua hata hii sitampa Placide. Naiandika ili angalau karatasi ijue.

Taa zako ndizo zinazomaliza vimulimuli vya Mama.

Si zenyewe tu. Bertin ameniorodheshea na mengine: dawa wanayopuliza kwenye mpunga, nyasi zinazochomwa kabla ya kulima, watu wa matofali wanaochimba udongo ule ambamo watoto wa vimulimuli wanakulia. Hayo yalivipunguza taratibu, kwa miaka. Lakini nyuma ya nyumba yetu vilikwisha ndani ya wiki tatu, tangu taa ya kwanza. Bertin alinieleza kama ninavyowaeleza watoto wangu. Dume linaruka likiwaka, linaita. Jike limekaa chini kwenye majani, linajibu kwa kuwaka kidogo. Penye mwanga mkubwa dume halioni jibu. Linaita, linajibiwa, halioni, linapita. Msimu unaisha hawajakutana.

Basi Mama anakaa chini ya taa yako, na mbele yake kinamasi hakina hata cheche. Mwanga unapoishia, giza ni zito kuliko zamani. Kwa hesabu yake sasa wamezunguka nyumba yote. Hasemi tena "balishafika." Ananong'ona ili wasimsikie.

Nimefanya niliyoweza. Nilimwendea Mzee Néhémie, mkubwa wa wenye mashamba ya mpunga, nikamwomba aache ukanda mmoja upande wa mtoni, usichomwe wala kupulizwa dawa. Alinicheka kwa adabu, akauliza kama vimulimuli vina kadi ya uchaguzi. Kisha akaniachia hatua thelathini. Kule mbali na taa bado vipo. Nilikwenda na watoto wa darasa saa moja ya jioni tukahesabu arobaini na moja. Mama anaviona kutoka kwenye kigoda chake, vidogo, mbali. Alinionyesha kwa kidole akasema, "Kule tu ndiyo kulibakia muzuri."

Unasema, si uzime taa? Nilizima, Yaya. Mara moja. Mama alisimama, akaniambia neno ambalo sikulitegemea: "Hakuna mutu atazima taa ya Déo. Aseme yeye mwenyewe." Nilimweleza habari zote za Bertin. Alisikiliza mpaka mwisho, akarudia hilohilo.

Kwa hiyo ninahitaji kwako mstari mmoja tu. "Mama, zima taa." Nitamsomea, atatii, tutasubiri vimulimuli virudi.

Lakini nakuandikiaje? Barua zako zinakuja na alama za vidole vya udongo. Umechimba shimo miezi minane, umeumia kidole, na zawadi uliyoitoa humo nikuambie ndiyo inayomtesa mama yako? Kila nikifika hapo nauona uso wako ninaacha. Pasaka utakuja. Nitakuambia mdomo kwa mdomo, tukiwa tunakula, ukasirike na umalize. Wiki nane ni nini.

Pulchérie


Nundu, 9 Machi 2023

Kaka yangu Déogratias,

Keti chini kabla ya kuendelea.

Mama ametutoka juzi, Jumanne tarehe 7, saa tisa mchana. Ni mapafu. Aliugua siku nne. Watu wa kituo cha afya walifanya yote. Tulimzika jana. Tulijaribu kukusubiri lakini Placide alisema mvua imebeba daraja na magari yamesimama pande zote mbili, akashauri tusimweke zaidi. Hata barua hii sijui itakukuta lini.

Watu walijaa. Waliimba vizuri. Nilimvalisha kitenge cha Krismasi.

Hakuteseka sana. Alikutaja.

Pulchérie


Machimboni, 2 Aprili 2023

Puli,

Barua yako ilinifikia juzi. Yaani siku zote hizi nilikuwa nakula na kucheka na mama yangu yuko chini ya udongo. Barabara imefunguliwa lakini sitakuja sasa. Nitakuja kufanya nini? Kuangalia kilima cha udongo na kupewa pole na watu waliomshika mkono wakati mimi sikuwepo?

Niambie kitu kimoja. Usiku ule alipoanza kuugua, na siku zote nne, taa ilikuwa inawaka? Sikuulizi mengine. Nataka kujua tu kwamba hakuwa gizani. Nikijua hilo nitaweza kulala.

Déo


Nundu, 23 Aprili 2023

Yaya Déo,

Ndiyo. Taa ilikuwa inawaka. Zote mbili zilikuwa zinawaka.

Nilitaka kuishia hapo. Nilikwisha kukunja karatasi. Lakini nimekudanganya mara nyingi mno, na mara moja zaidi nitakuwa sina kaka.

Humu ndani nimeweka barua ya tarehe 12 Februari ambayo sikuituma. Isome kwanza, kisha urudi hapa.

Umeisoma. Sasa yaliyobaki. Asubuhi ya tarehe 3 Machi niliamka nikakuta mlango wa nyuma uko wazi, furushi halipo. Usiku kucha mvua ilikuwa imenyesha. Tulimkuta upande wa mtoni, kwenye zile hatua thelathini za Mzee Néhémie, amekaa ndani ya majani, amelowa mpaka mifupani, amekumbatia sufuria. Alikuwa amefuata palipowaka, Yaya. Kwa hesabu yake nyuma ya nyumba kote kulikuwa giza, kumejaa watu, na kule mtoni tu ndiko kulibaki salama. Alifanya vilevile alivyofanya mwaka ule alipotuokoa. Hakukosea hata hatua moja.

Aliponiona alinikaripia kwa sauti ya chini: "Lala chini, batakuona."

Ukanda ule niliuomba mimi. Taa ulileta wewe. Lakini aliyekuwa na ulimi akanyamaza ni mimi. Ningekuandikia Februari ungejibu kwa mstari mmoja. Nilikuwa nalinda moyo wako, nikamwacha Mama abaki peke yake na hofu. Sijui kama hilo linasameheka na sikuombi ulisamehe leo.

Pulchérie


Machimboni, 28 Mei 2023

Puli,

Nimekaa na barua zako mbili karibu mwezi mzima. Siku tatu za kwanza nilikuchukia. Nakuambia ili na mimi nisianze kudanganya. Siku zilizofuata nilijichukia mimi, na hilo ndilo lililoendelea.

Kuna jambo hukulijua. Ulipoandika "hayo ni mambo yenu wawili" ningeweza kukueleza, lakini niliona raha kuwa na kitu na Mama ambacho wewe huna. Ona upuuzi.

Usiku ule wa kinamasini nilikuwa na miaka saba. Wewe mgongoni ulilala kama jiwe. Mimi ndiye niliyelia. Nililia kwamba nataka taa. Si mama, si chakula, taa. Watu walikuwa karibu, tulisikia wakikohoa. Mama alinijaza kitenge mdomoni mpaka nikakosa pumzi, akaniambia sikioni: "Nyamaza, baba. Siku moja utawasha taa yako mwenyewe, kubwa, na hakuna mutu atakuambia zima." Kisha akanionyesha vile vimulimuli, akasema kwa leo tutumie hivi.

Ndiyo maana hakukubali uizime. Alikuwa hagombani na wewe. Alikuwa anatimiza neno alilonipa. Alikaa chini ya taa ile akiogopa kila usiku, ili mimi nisiambiwe zima.

Na mimi nimekaa na huo mstari mmoja, Puli. Ungeniomba Februari, sijui kama ningeuandika. Labda ningekuambia Bertin ni mwongo. Kwa hiyo usijibebeshe yote.

Nauandika sasa, umechelewa, lakini uandikwe: Mama, zima taa. Mimi Déo ndiye ninayesema.

Msomee pale alipo. Kisha uzime kweli.

Kuja bado siwezi. Nikifikiria kushuka garini nikaikuta nyumba, miguu inakataa.

Déo


Nundu, 12 Novemba 2023

Yaya Déo,

Nilimsomea. Nilikwenda peke yangu jioni ya siku ileile Placide alipoileta, nikausoma ule mstari mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sauti ilikatika. Kisha nikarudi nikapanda paa mwenyewe. Taa moja iko chumba cha kujifungulia cha kituo cha afya, ndani, na pazia. Nyingine iko kwa Clarisse, naye nimemwapisha asiitoe nje. Alinung'unika wiki nzima kwamba nimeurudisha mtaa enzi za mababu. Watu wengine walisema msiba umenigusa kichwa, na wapo wanaosema hivyo hadi leo.

Mzee Néhémie hakusema. Baada ya mazishi alikuja mwenyewe, akatembea kutoka mtoni mpaka nyuma ya nyumba yetu, akapigilia miti, akawaambia watu wake ndani ya ile miti hakuna moto wala dawa. Sikumwomba. Ng'ambo ya miti wanapuliza kama kawaida, na watu wa matofali wanakaribia. Sijui tutawazuia mpaka lini.

Mvua zilipoanza nilikwenda tena na watoto wa darasa kuhesabu. Ukumbuke arobaini na moja. Safari hii ni mia moja na sita, na kumi na tisa kati ya hivyo viko hapa nyuma, kati ya jiko na mgomba. Bertin ananiambia nisishangilie, mwaka mmoja si kitu. Sikushangilia. Niliwaza tu kwamba vingetosha. Kumi na tisa vingemtosha Mama kulala.

Siku hizi ninakaa kwenye kigoda chake. Nilianza kwa kumkumbuka, sasa siingii kulala kabla sijaangalia kote. Umri wangu huu nimekuwa mjane wa wadudu, cheka.

Nimesikia kwa Placide kwamba shimo lenu limejaa maji tena na umekaa tu Lulimba bila kazi. Kwa hiyo huna tena la kusingizia. Njoo, Yaya. Miguu ikikataa, mimi nitaidanganya. Gari likuache barabarani, usije na pikipiki mpaka mlangoni. Zima simu. Usiwashe hata kiberiti. Shika njia ya mtoni, ileile, saa moja ya jioni, utembee polepole ndani ya majani.

Nitakuwa nimekaa mlango wa nyuma. Sitauliza ni nani. Vimulimuli vitajizima mbele yako, kimoja baada ya kingine, na nitaliona giza linatoka mtoni, linakuja moja kwa moja nyumbani kwetu. Wala sitaogopa. Nitaingia jikoni kukupakulia.

Mdogo wako,
Pulchérie